Hatua za Nyuma Kwenye Njia ya Msituni

Mama Mshauri mpendwa, nisaidie, maana nimefika mahali siwezi tena kulibeba jambo hili peke yangu, na hata sasa ninapokuandikia nimejifungia chumba cha nyuma cha duka nikisingizia kwamba nasaga vioo. Mimi ni fundi wa miwani, nina mume na watoto, akili zangu ni timamu, silewi, na kabla ya haya nilikuwa wa kwanza kumcheka mtu anayedai ameona mzuka.

Tuna klabu yetu ya mbio, kila Jumamosi asubuhi tunapanda msitu wa misonobari ulio nyuma ya matangi ya maji, tunakimbia njia ya udongo hadi kileleni na kurudi, wenye pumzi mbele, sisi wenye vitambi nyuma, na nyuma kabisa huwa kuna mtu mmoja tunayemwita mfunga safu, kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeachwa. Kwa miaka mingi kazi hiyo aliifanya dereva mstaafu wa malori ambaye tulimwita Mzee Breki, mtu mpole, alikuwa na tabia ya kusafisha koo kila baada ya mwendo kidogo, na raba yake moja ilikuwa inaburuza kisigino, hivyo hata bila kugeuka ulijua yupo. Mwaka jana, siku ya ukungu, moyo wake ulisimama kwenye kona iliyo juu ya daraja la magogo, na kwa kuwa yeye ndiye alikuwa wa mwisho hakuna aliyemwona akianguka, sisi tulikuwa tumeshafika chini tunakunywa chai na kutaniana, mpaka mtu akauliza, "Jamani, Breki yuko wapi?"

Nahodha wa klabu akanipa mimi nafasi ya Mzee Breki. "Wewe huna haraka," akasema, watu wakacheka, nikakubali.

Mama, Jumamosi za mwanzo hapakuwa na kitu. Halafu ukungu ukarudi, na nikiwa nateremka peke yangu, wenzangu nawasikia mbele kama watu walio chumba kingine, nikasikia raba nyuma yangu, moja inakanyaga, nyingine inaburuza, nikadhani kuna mwenzetu nimempita bila kumwona, nikageuka nimsubiri, njia ilikuwa tupu, hata majani hayatikisiki. Nikaanza kukimbia, nazo zikaanza. Nikasimama ghafla, zikaongeza hatua moja ndipo zikasimama, kama mtu ambaye hakutegemea nisimame. Kisha nikasikia mtu anasafisha koo.

Tangu hapo kila siku ya ukungu ni hivyo, zinanifuata hadi kwenye ile kona na pale zinakata, si kwamba zinafifia, zinakata, nami namalizia njia iliyobaki mbio bila kugeuka. Nilimwambia nahodha, akanivuta pembeni, "Dada, funga mdomo, wanachama wapya watatukimbia." Mume wangu, ambaye ni fundi umeme na haamini chochote kisichopitia kwenye waya, akasema huo ni mwangwi wa miguu yangu mwenyewe. Nikajilazimisha kuamini mwangwi, mpaka Jumamosi moja pale pale kwenye kona, hatua zilipokata, sauti ya kiume, wala si ya kutisha, ya kawaida tu kama ya mtu anayeongea akiwa upande wa pili wa mlango, ikasema, "Mwali, umefika?"

Mimi siitwi Mwali, na katika klabu yetu hakuna anayeitwa hivyo. Nikanyamaza nalo.

Sasa juzi mjane wa Mzee Breki akaja dukani kupimwa macho, nikawa namjaribishia fremu, akajitazama kwenye kioo akacheka, "Mwenzangu angeniona na hii angesema Mwali amekuwa mwalimu mkuu." Nikamuuliza, Mwali ndiye nani, mama? "Si mimi, mwanangu! Hata mbele ya wajukuu hakuniita jina lingine." Fremu nyingine niliyoshika ikaniponyoka. Akaniangalia kupitia ile fremu aliyovaa, isiyo na vioo, akasema kwa sauti ya chini, "Wewe ndiye unayekimbia nyuma siku hizi. Umemsikia, siyo?"

Sikujibu, na kutojibu kwangu kukawa jibu. Sasa anataka nimpandishe kule. Binti yake amenipigia simu, analia na kufoka kwa pamoja, anasema mama yake chakula anakigusagusa tu, amefua nguo zake nzuri akazikunja na kuziweka kitandani kama msafiri, "Ukimwambia mama yangu neno lolote, likimpata la kumpata ni juu yako." Na mimi ninaogopa kitu ambacho sijamwambia mtu, je, kama ile sauti inamwita? Nikikaa kimya namnyima mama wa watu neno la mumewe, nikisema huenda ninamsindikiza kaburini. Nifanye nini?

Mfunga Safu

*

Mwanangu Mfunga Safu,

Vuta pumzi kwanza. Barua yako nimeisoma jua likiwaka, na bado niliinuka nikafunga mlango wa nyuma. Kwa hiyo sikucheki.

Ulichosikia mimi sikijui. Umekimbia mbele ya mzee huyo kwa miaka. Huenda siku moja alizungumza na mkewe kwa simu, sikio lako likaliweka akiba lile neno bila kukuuliza. Huenda sivyo. Sitakuapisha, wala huhitaji kulimaliza hilo ndipo ufanye lililo sawa.

Lakini kuna swali hukuniuliza, nalo limeninyima raha kuliko hizo hatua. Nyuma yako wewe anakimbia nani? Mzee wa watu alikufa peke yake kwa sababu klabu nzima ilimwachia awatazame wote, na yeye hakuwa na wa kumtazama. Mkamzika, kisha mkamweka mtu mwingine pale pale, kwenye ukungu ule ule, eti kwa kuwa hana haraka! Mwambie nahodha wako kwamba nimesema mimi: watu wawili nyuma, filimbi shingoni, na asiguse mtu kikombe cha chai kabla hamjahesabiana. Akikataa, iache kazi hiyo mbele ya wote. Na kama anaogopa wanachama kukimbia, si ndicho walichojiandikishia?

Sasa kuhusu mama. Hapo umekosea, na nakwambia bila kukubembeleza. Ulinyamaza mbele ya mjane ukamwachia kimya chako akijaze mwenyewe, ona alivyokijaza: amekunja nguo. Nenda nyumbani kwake mchana, binti yake akiwepo. Kaeni chini. Mwambie neno ulilosikia kama lilivyo, usiongeze chumvi, usipunguze. Usimwambie anaitwa, kwa sababu hukusikia "njoo." Ulisikia mtu anauliza kama mwenzake amefika. Mwanamume aliyeishi barabarani na lori lake, nadhani swali hilo alimuuliza mkewe mara nyingi kuliko salamu. Maana yake mwachie mama aiseme. Yeye ndiye anayemjua.

Na wewe binti, najua utasoma hapa gazetini: acha kufoka kwenye simu. Mpeleke mama hospitali apimwe moyo wiki hii, na uhamishie mto wako chumbani kwake kwa muda. Zile nguo zirudishe kabatini, pamoja naye, si kwa kificho.

Daktari akiridhia, mpandisheni. Iwe siku ya jua, kwa kutembea, mkipumzika kila atakapotaka, hata mkifika saa sita mchana. Pale kwenye kona mtandikieni kitu akae. Akitaka kuzungumza na mumewe, sogeeni kando na msitege masikio. Ukisikia chochote kikimjibu, hicho si chako. Usikibebe, usikisimulie dukani. Kisha teremkeni, mmoja mbele yake na mmoja nyuma yake, mfikisheni nyumbani, mmpikie chakula anachokipenda, na asiinuke mtu hapo mpaka ale.