Msamaha wa Linki Isiyofunguka

Kiboriloni, Moshi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Asalaam aleikum, na shikamoo yangu uipokee kabla ya neno lingine lolote. Natumaini barua hii itakukuta umekaa vizuri, mgongo haukusumbui, na uwele umeshaingia ghalani salama. Kikohozi cha baba kimepoa? Rehema aliniambia kwenye simu kwamba kimepoa, lakini Rehema kwake kila kitu kimepoa, hata uji unaochemka. Mimi ni mzima wa mwili. Baridi ya mwezi huu inaingia mpaka kwenye meno, mlima wenyewe hatujauona siku kumi na kitu, ila lile blanketi zito ulilonipa linanitosha.

Nimesema mzima wa mwili kwa sababu moyo una hasira. Nina hasira tangu Alhamisi, mama. Nimeswali nayo, nimelala nayo, na juzi niliunguza maharage kwa ajili yake. Kwenye simu ningepiga kelele tu, nawe ungeniambia nipunguze sauti, ndiyo maana nimechukua kalamu. Na wewe Rehema, mdogo wangu unayemsomea mama, soma yote. Usiruke mahali nilipowaka.

Mama, nilishakutajia Bibi Aikande, yule bibi wa Kilutheri anayeshuka na ndizi kutoka Marangu na kuziuzia kwenye baraza la steshenari ninayofanyia kazi. Ndiye aliyenifundisha kupika mtori mwaka ule nilipofika hapa simjui mtu. Nilipougua malaria alikuwa ananiletea maziwa kwenye chupa kila siku ya soko, wala hakuniuliza mimi ni wa dini gani. Macho yake yana mtoto wa jicho. La kushoto limeshafunga kabisa, la kulia linaona kama mtu anayechungulia kupitia chandarua. Ndizi anazijua kwa vidole, na mimi ananijua kwa sauti.

Miezi miwili iliyopita walifika kanisani kwao watu wa shirika moja la macho. Wakawapima wazee baada ya ibada, wakaandika majina ya watakaofanyiwa upasuaji. Jambo jema, Mungu awalipe. Kisha wakataka kila mzee atoe anwani ya barua pepe. Wazee, mama! Watu wameandikwa kwa sababu hawaoni, halafu wanaambiwa watatumiwa barua ya kusoma kwenye kioo cha simu. Ndani ya barua kutakuwa na linki, uibonyeze ili uthibitishe kwamba utakuja. Usipothibitisha hadi Alhamisi saa kumi jioni, nafasi yako anapewa mwingine.

Linki, mama, ni mstari wa maandishi ya buluu. Ukiugusa, simu inakufungulia ukurasa mwingine, basi ni kama mlango. Mlango ukikataa kufunguka, wewe umebaki nje, na aliye ndani anasema hukubisha hodi.

Sasa sikia mambo ya huku. Bibi ana watoto watano, na binti yake mmoja anakaa nyumba ya tatu tu kutoka kwake. Lakini kwa Wachagga kitinda mimba wa kiume ndiye anayerithi nyumba ya wazazi na ndiye anayewatunza, kwa hiyo mambo ya nyumba ile yote yako mikononi mwake. Kitinda mimba huyo anaitwa Elibariki, anafanya biashara Tarakea, mpakani. Alimnunulia mama yake simu, akamfungulia barua pepe, neno la siri akakaa nalo yeye. Bibi alipomwomba binti amsaidie kubonyeza, binti akaweka mikono nyuma. Alisema, "Mama, nikiishika hiyo simu Elibariki atasema naingilia kihamba chake." Kihamba ni shamba la nyumbani, lenye migomba na kahawa na makaburi ya wazee. Simu nayo imekuwa kihamba! Basi tangu Jumatatu barua ilipoingia, yule bibi amekaa peke yake akibonyeza kioo asichokiona, na mwanawe anampigia kutoka Tarakea kumwambia abonyeze ile ya buluu.

Alhamisi saa tisa alasiri, ndizi zimekwisha, akaingia dukani akipapasa meza.

"Mwanangu, hebu nibonyezee hii," akasema. "Nimebonyeza tangu Jumatatu. Naambiwa ya buluu. Mimi hiyo buluu yenyewe siioni."

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, kioo kikatulia kama jiwe. Nikaangalia bando, lipo. Nikazima simu nikaiwasha, hakuna kitu. Bosi wangu akanambia nimwambie bibi mtandao uko chini arudi kesho, maana ndivyo anavyowaambia wote. Sikumfuata. Nikaingia kwenye mipangilio ya simu, nikapekua programu moja moja, na huko ndani nikakuta kivinjari, yaani ile programu inayofungua kurasa za mtandao, kimezimwa. Kimezimwa na mtu, hakikuharibika. Linki ilikuwa inaita na hakuna wa kuitika. Nikakiwasha, nikakiweka kiwe ndicho cha kufungulia linki zote, nikabonyeza. Ukurasa ukafunguka, ukaandika kwamba ukurasa huo haupo.

Hapo nikaisogeza ile barua karibu na macho. Linki ilikuwa imekatika vipande viwili! Mstari wa kwanza ni wa buluu, wa pili ni mweusi kama maandishi ya kawaida, kumbe nao ni sehemu ya linki. Huyo aliyeandika barua aliikata katikati, akatuma, wala hakujisumbua kuijaribu mwenyewe. Nikanakili kipande cha kwanza, nikanakili cha pili, nikaviunganisha bila kuacha nafasi, nikabandika kule juu kwenye kivinjari. Rehema, na wewe ukikwama na linki fanya hivyohivyo. Ukafunguka, mama. Jina la Bibi Aikande likatokea, na kitufe cha kuthibitisha chini yake. Nikakigusa.

"Muda wa kuthibitisha umekwisha."

Saa ya ukutani ilikuwa kumi na dakika nne.

Nikapiga namba ya ofisi yao. Akapokea kijana mmoja, nikamweleza yote kwa adabu, adabu ile uliyonifundisha. Akanijibu, "Dada, linki tulizituma tangu Jumatatu. Ambaye hakubonyeza maana yake hana nia." Nikamwambia abonyeze yeye aone. Akasema ana watu mbele yake, akakata.

Hana nia! Mtu amebonyeza siku nne mpaka kioo kimepata alama ya kidole, hana nia.

Nikampigia Elibariki. Naye akaanza na lilelile, kwamba alishamwambia mama abonyeze. Nikamuuliza kivinjari amekizima nani. Akasema, "Nilizima mimi, dada. Mama alikuwa anagusagusa ovyo, bando linaisha kabla ya wiki." Nikamwambia, "Umemfungia mama yako mlango, halafu umesimama Tarakea unamwambia aingie." Akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa hiyo jicho ameshalikosa?" Sikuwa na huruma, nikamjibu ndiyo. Leo naona kosa lake lilikuwa la kumjali mama yake bila kumsikiliza, na hilo sote tunalo. La wale wa ofisini ni uvivu mtupu.

Bibi mwenyewe hakusema neno baya. Alishukuru, akasema nisijitaabishe, akaomba kitu kimoja tu, nimsindikize mjini kesho yake.

Ijumaa asubuhi alikuja amevaa nguo zake za kanisani, na kitu amekificha ndani ya kanga. Nikaomba ruhusa. Bosi akanuna, nami nikaondoka na mnuno wake mgongoni. Njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilikuwa nimechapisha ile barua kwenye karatasi, vipande viwili vya linki nimevizungushia wino mwekundu. Nilitaka yule kijana atafute pa kuficha uso.

Ofisini tulikuta foleni ya wagonjwa. Tulipofika mezani nikaitambua sauti, ndiye huyohuyo, kijana Mchagga wa Machame, sweta safi yenye nembo ya shirika. Kabla sijafungua mdomo, Bibi akatoa mkono ndani ya kanga, akaweka mezani jani refu la kijani lililopigwa fundo.

"Baba," akamwambia, "nililetewa barua yenu, nikachelewa kuijibu. Nimekuja kuomba msamaha."

Mimi sikuelewa. Mama mmoja kwenye foleni akanivuta, akaninong'oneza, "Hilo ni jani la sale. Mtu akikujia na sale huwezi kumkatalia, hata kama amekuulia ndugu." Kumbe ni mila yao ya tangu zamani. Mti wenyewe wameupanda kwenye mipaka ya mashamba, na jani lake ndilo la kuombea radhi. Yule kijana alisimama, mama. Alilipokea kwa mikono miwili, uso umembadilika. Akasema, "Shikamoo, bibi. Umesamehewa."

Umesamehewa!

Nilisikia damu inapanda mpaka masikioni. Mtu kakosewa, ameamka alfajiri, amekata jani shambani kwa kupapasa, amelibeba mpaka mjini kumwangukia aliyemkosea, naye anasamehewa. Nikasema mbele za watu wote, "Amesamehewa kosa gani? Nitajie." Bibi akanivuta mkono ninyamaze. Sikunyamaza, unisamehe. Nikaweka karatasi yangu juu ya meza na kumwambia, "Fungua hiyo barua kwenye kompyuta yako, ubonyeze. Una macho mawili mazima na mtandao wa ofisi. Bonyeza."

Akafungua. Akabonyeza. Ukurasa haupo. Akabonyeza tena, na tena, kama wazee walivyobonyeza. Nikamwonyesha ule mstari mweusi wa pili. Akaufuata kwa kidole.

"Hii ilitumwa kwa wote," akasema taratibu.

Akavuta daftari lake. Majina ambayo hayakuthibitisha yalijaza ukurasa mzima na kumwagikia ukurasa wa pili. Pembeni, kwa mwandiko wake mwenyewe, ameandika maneno mawili na kuyavutia mstari kutoka juu hadi chini: hawana nia.

Hakujitetea, hilo nampa. Aliandika jina la Bibi Aikande kwa kalamu, apasuliwe Jumanne saa mbili asubuhi, akampa na karatasi yenye muhuri. Kisha akachukua lile jani na kulisogeza mpaka kwenye vidole vyake. "Bibi, chukua sale yako. Sisi ndio tuliokosa."

Bibi akalipapasa, akagusa lile fundo, akalisukuma nyuma.

"Kaa nalo, baba," akasema. "Utawapelekea hao wengine."

Jana Jumamosi nimeshinda na yule kijana ofisini, daftari katikati yetu, tunawapigia simu mmoja mmoja. Nilikataa apige peke yake. Wengine hawapatikani, wengine tumewapata kupitia kwa wajukuu. Mzee mmoja wa kule kijiji cha Mamba alituambia, "Nilibonyeza mpaka nikadhani kidole changu ndicho kibovu." Kijana aliposikia hivyo akanipa simu mimi niendelee. Nafasi zilizobaki haziwatoshi wote, kwa hiyo ameandika kwa wakubwa wake aombe madaktari waongezewe siku. Hawajajibu. Wakikubali, nimemwambia, asithubutu kuwatumia wale wazee linki.

Elibariki anashuka kesho kutoka Tarakea. Neno la siri amempa dada yake.

Nisalimie baba, mwambie asirudi kufyatua matofali kabla kifua hakijatulia. Nisalimie baba mdogo Idi anayetuchungia mbuzi, na shangazi Mwanahawa mfuma vikapu, mwambie kile cha mwisho kimesifiwa soko zima. Bibi mzaa mama umshike mikono yote miwili kwa niaba yangu. Na kama naye amesharudia kusema kwamba jioni anaona ukungu, usingoje mtu akutumie barua, mama. Mpandishe bodaboda mumpeleke hospitali wenyewe.

Barua hii naituma na basi la alfajiri ili iwafikie kesho. Jumanne nitakuwa na Bibi Aikande chumba cha upasuaji kitakapofunguliwa, kwa hiyo asubuhi hiyo msinipigie. Niombeeni dua, na yeye pia, jina lake mmeshalijua. Mkimaliza, muwaombee na wale wa ukurasa wa pili ambao bado hatujawapata.

Ni mimi mwanao, ambaye hasira haijamtoka na hataki imtoke kabla daftari halijaisha,

Mwanaidi