Alhamisi za Bwana Häfele

Esslingen, Jumatano, Juni 12

Mpendwa Dada Roswitha,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na Shemeji Jürgen, na kwamba goti lake limeacha kumsumbua kwenye ngazi. Mimi sijambo, nakula, nalala kiasi. Jamu ya cheri uliyonitumia ilifika salama, na chupa ya kwanza nimeshaimaliza kwa kijiko, peke yangu, nimesimama jikoni. Usinicheke. Wala usishangae kupata barua badala ya simu. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningefurahi kukatizwa na kubadili mazungumzo.

Hujawahi kuniuliza sawasawa nafanya kazi gani hapa dukani. Watu hudhani nauza magari. Ya kawaida, ndiyo, nauza. Lakini lile gari la spoti la gia za mkono, ambalo kiwanda hutengeneza machache na duka letu hupata mawili au matatu kwa mwaka, hilo haliuzwi, hugawiwa. Wanaolitaka ni zaidi ya sitini, na wote uwezo wanao. Kwa hiyo kila Januari mimi na bosi wangu, Bwana Seybold, hujifungia ofisini na orodha ya majina. Tunatazama nani amewahi kununua kwetu, nani huleta gari lake kwa mafundi wetu na si kwa jirani, na zaidi ya yote, nani ataliendesha badala ya kulipiga mnada.

Hapo ndipo watu wazima wanapogeuka wanafunzi wa darasa la kwanza. Daktari mmoja wa meno alinunua gari la familia asilolihitaji, ili tu jina lake lipande. Mwingine aliniapia kwamba atalipeleka milimani kila Jumapili; lilipouzwa baada ya mwezi mmoja, viti vilikuwa bado na nailoni zake. Bwana Seybold alimfuta, akasema huyo hata akija kutafuta tairi, aambiwe tairi zimekwisha.

Kwenye orodha hiyo alikuwamo mzee mmoja, Bwana Häfele. Miaka arobaini alichonga gia kwenye karakana moja iliyokipelekea kiwanda vipuri, na hakuwahi hata siku moja kuendesha gari lenye gia zake. Alipostaafu aliuza shamba la mizabibu la baba yake, akaja kwetu amevaa koti la kanisani, akaandikisha jina. Kwa kuwa hakuwa amenunua chochote kwetu, jina lake lilikaa chini kabisa. Lakini kila Alhamisi, saa nne asubuhi, alikuja kuuliza mambo yamefikia wapi, na mfuko wa karatasi wenye brezeli mbili za siagi, ile mikate yetu ya kusokotwa, moja yake, moja yangu. Miaka tisa. Na muda wote huo tuliitana Bwana Häfele na Bwana Kienzle, si unajua sisi tulivyo, jina la kwanza ni la marafiki tu.

Kisha mke wangu Marlies akafa. Ulikaa nami wiki mbili, ukarudi kwako, na ilikuwa haki yako kurudi. Hujui nyumba ilivyokuwa baada ya hapo. Nilikuwa naiacha redio ikiongea nikienda kazini, ili nikirudi nimkute mtu anasema. Dukani wateja walinichangamkia sana, lakini kila aliyenijulia hali alikuwa na jina kwenye orodha, na akishakabidhiwa ufunguo, simu yake hunyamaza. Nilikuwa mpweke, Dada, nakwambia wazi. Bwana Häfele peke yake ndiye aliyenitazama kwanza, kabla ya kuulizia gari. Siku moja alisema, “Bwana Kienzle, leo soksi zako hazijuani. Hukulala tena?”

Mwaka huu, mwezi wa Aprili, alikuja kwa basi. Aliniambia daktari wa macho amemkataza kuendesha gari lolote lile. Anaona pembeni, lakini katikati pana doa. Alisema hayo bila kulalamika, akaomba nifute jina lake asimzibie mwingine njia. Kisha akasimama, akaninyooshea mkono, akasema kwa kuwa yeye ndiye mkubwa kwa umri, ni juu yake kulianzisha: tangu leo nimwite Eugen. Akasema anajua nilivyompigania miaka yote hii. “Mwenye moyo wa jiwe ni bosi wako, Volker, si wewe.” Niliupokea mkono wake, na brezeli yake nikaila.

Dada, sikumpigania. Miaka mitatu iliyopita Bwana Seybold aliniambia kwamba gari moja nimpe nimtakaye, ni shukrani yake kwangu. Mwaka uliofuata akarudia. “Mpe yule mzee wako wa brezeli,” alisema. “Huyo atataka azikwe nalo.” Mara zote mbili niliandika jina la mtu mwingine. Bosi nilimwambia mzee ameomba kungoja, na mzee nilimwambia kiwanda kimetunyima. Sikupokea hongo wala zawadi. Niliogopa tu kwamba akishapata gari, hatakuja tena Alhamisi. Hiyo ndiyo sababu yote, na hata ukiisoma mara mbili haitapendeza zaidi.

Alhamisi iliyofuata baada ya jina lake kufutwa, nilichemsha kahawa ya kikombe kimoja, nikidhani hatakuja. Saa nne mlango ukafunguka, akaingia akipapasa kizingiti kwa fimbo, mfuko wa karatasi mkononi. Kwa ujinga wangu nilimuuliza amefuata nini, ilhali jina halimo tena. Akacheka. “Kwani na Alhamisi umeifuta?” Kisha akaniambia, akifuta kwa karatasi siagi iliyomganda kidoleni, kwamba siku zote alikuwa na mpango. Gari likipatikana, angenipitia nalo Alhamisi saa nne, tupande hadi juu ya mashamba ya mizabibu, tule brezeli zetu huko, na wakati wa kurudi mimi ndiye nishike usukani.

Amekuja Alhamisi zote tangu siku hiyo, na zote nimenyamaza. Kesho ni Alhamisi tena, na kesho nitamwambia. Huenda akaondoka na brezeli zote mbili, asirudi, na hatakuwa amekosea.

Nisalimie Shemeji, na umbusu kila mjukuu kwa niaba yangu, yule mdogo mara mbili. Ukipata nafasi, tuma jamu nyingine. Na simu ikilia kesho jioni, ukaitikia usisikie mtu, ni mimi. Usikate.

Mdogo wako akupendaye,
Volker