Mama Mkwe Hasemi Kama Anaumwa

Mshauri wetu, nakuandikia nikiomba unisaidie, maana hapa nyumbani nimekwama. Mimi ni Mnyakyusa, nimeolewa Kasense, karibu na mji wa Sumbawanga, na mume wangu Zenon ni Mfipa, tunaishi na mama yake, Mama Bertilla, ambaye tangu baridi ya mwaka jana vidole vimemvimba na kukakamaa, asubuhi hawezi kufunga kitenge chake wala kushika mwiko, lakini ukimwuliza anajibu hajambo. Mwezi uliopita mama yangu mzazi alikuja kutoka Tukuyu na magoti yake mabovu, nikawapeleka wote wawili zahanati, mama yangu akalia, akamweleza mganga maumivu yanapoanzia na yanapoishia, akachomwa sindano na kuandikiwa aende hospitali, halafu Mama Bertilla alipoulizwa, akaficha mikono ndani ya kitenge akasema ni uzee tu, akapewa aspirini akarudishwa nyumbani. Njiani nilimwuliza kwa nini hakusema. Akanijibu, "Mimi nililelewa kwamba mtu analia msibani, mwanangu. Mikono si msiba."

Sasa kijijini wanasema anakwepa palizi ya shamba la ujamaa, na balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Gaudensi, amesema atamfikisha mbele ya mkutano kama mvivu, mama huyu aliyelima ulezi maisha yake yote. Nilitaka nisimame mkutanoni niwaeleze, lakini Zenon amenikataza. Amesema, "Mama hajasema anaumwa. Ukimsemea, umemvua nguo mbele za watu." Je, ninyamaze aitwe mvivu, au niseme nivunje nyumba yangu?
Sekela, Kasense

Mwanangu Sekela, jibu hili nimekutumia kwa posta kabla halijatoka gazetini, kwa sababu mkutano hautatusubiri.

Pole, lakini kwanza nikukaripie. Ulikuwa umesimama pale pale zahanati, ukaona mikono inafichwa, ukanyamaza, ukangoja njiani ndipo uulize. Na usidhani mama yako anadeka au mkweo anadanganya. Wote wawili wanaumwa, ila kila mmoja amefundishwa namna yake ya kuumwa. Mganga aliandika alichosikia.

Mumeo ana haki katika jambo moja: usimsemee mkweo mkutanoni. Aibu hiyo asingekusamehe. Lakini kumheshimu mama si kumwacha aharibikiwe mikono, na hilo umwambie Zenon kwa upole, mkiwa wawili. Kwa balozi aende yeye, maana ndiye mwana wa mama, amwombe Mzee Gaudensi asubiri mpaka mama apimwe. Cheti cha mganga kikipatikana, neno uvivu litakwisha bila mtu kupiga kelele.

Wewe kaa na mama jikoni. Usimwulize anaumwa wapi, atakujibu hajambo mpaka kesho kutwa. Mwulize ni kazi gani zimemshinda siku hizi, hapo atakueleza, kwa kuwa kusimulia kazi hakuoni kuwa ni kulia. Mwombe ruhusa uyapeleke maneno hayo hayo kwa mganga, naye akiwepo, na uyaseme kama alivyoyasema, bila kuongeza machozi ya kwenu.

Nendeni asubuhi na mapema, vidole vikiwa bado vimekaza. Akisema tena kwamba ni uzee tu, usibishane naye. Mwombe tu akunje ngumi mbele ya mganga.