Mwenye Shamba Hutangulia

Kasongo, Jumatano mchana

Mama yangu mpendwa,

Mgongo wako unaendeleaje? Na kile kikohozi cha Baba cha vumbi la kiangazi, kimepoa? Na Riziki, ameacha kuwafukuza kuku wa jirani? Mimi huku ni mzima, shangazi ni mzima, hata yule mbuzi wake mwizi ni mzima, maana juzi alikula ukurasa wangu mmoja wa jiografia na hakuumwa tumbo. Najua ni Baba anayekusomea barua hii mbele ya nyumba, na mdogo wangu Zawadi amekaa karibu anasikiliza. Baba, tafadhali usiruke mahali popote, hata pale ninapokusema wewe.

Naanza kukusema sasa hivi. Mwenye pikipiki aliyeniletea karanga zenu aliniambia kwamba umeshanunua poda. Kopo zima! Baba, poda wanamwagiwa waliofaulu, na mimi hata sijaingia kwenye chumba cha mtihani. Nilicheka, kisha nikaogopa, kisha nikacheka tena. Siku hizi ndivyo nilivyo. Zimebaki siku tano tu. Jumatatu asubuhi tunaanza Exetat, mtihani wa Serikali, na moyo wangu unaruka kama samaki kwenye kikapu.

Sijasahau ni kitu gani kinaningoja. Kwa shangazi kuna kitanda kimoja cha mtoto wa shule. Nikipata diploma, nitakwenda Kindu kusomea uuguzi, na kitanda kitakuwa cha Zawadi. Nikikosa, nitarudia darasa la sita la sekondari, nami nitalala hapo mwaka mwingine, na Zawadi atabaki huko akisubiri. Zawadi, usiinuke. Sikiliza mpaka mwisho.

Mama, nataka kukueleza jinsi tulivyojipanga, kwa sababu ni wewe uliyetufundisha, ingawa hujui.

Sisi wasichana watano wa darasa tulikubaliana kusoma pamoja, kila siku baada ya masomo, kwenye uwanja wa shangazi. Tulichukua mlango wa zamani, tukaupaka mkaa na maji ya majani ya mihogo, ukawa tablo ya kuandikia. Masere, yule mtawa anayetusimamia shuleni, alitupa vipande vya chaki. Nyuma ya kalenda ya mwaka uliopita nilichora siku zote zilizobaki, kila siku kipande chake, na juu ya kila kipande nikaandika somo. Ilipendeza sana. Masere aliitazama akasema, "Faida, hii ni kazi ya mtu anayejua anakokwenda." Nilivimba kichwa siku mbili.

Lakini tulianza vibaya. Tulisema kila mtu afundishe somo analolijua sana. Mwamini, binti wa yule mshona nguo karibu na msikiti, ni hodari wa hesabu, basi alisimama kwenye tablo akaandika na kueleza, nasi tukatingisha vichwa. Sifa, yule mrefu niliyekuja naye likizo ya Pasaka, alitingisha kichwa kuliko sote, macho amefunga. Mwamini alipomaliza akafuta, akatupa hesabu ileile tuifanye wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeweza.

"Lakini mulisema munaelewa!" Mwamini akalalamika.

"Mi nilielewa wakati weye ulikuwa unaelewa," Sifa akamjibu. "Sasa umenyamaza, ile kuelewa imeenda na weye."

Tulicheka mpaka shangazi akatoka na mwiko mkononi kuuliza kama huu ndio mtihani wa Serikali siku hizi.

Nilipokuwa nikifagia jioni ile ndipo nikawakumbuka ninyi, wewe na akina mama wenzako, wakati wa kulimiana kwa zamu. Leo mnakwenda wote kwa Mama Zaina, kesho kwetu, kesho kutwa kwa Bibi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukivuta kamba na kusimika vijiti, kila mama na kipande chake, ukiniambia, "Usitazame shamba lote, utachoka bure. Tazama kijiti chako." Na nikakumbuka sheria yenu ambayo hakuna aliyeivunja: mwenye shamba hutangulia. Anasimama mbele ya wote, anaanza na ile kona mbaya kuliko zote, penye nyasi kali na visiki, wengine wanamfuata nyuma na majembe yao. Hakai kivulini akilimiwa.

Kesho yake nikawaeleza wenzangu. Nikasema, sisi tumegeuza mambo, mwenye nyasi amekaa kivulini na mgeni ndiye anayelima. Tuanze upya. Kila siku twende kwenye shamba la mmoja wetu, yaani somo linalomshinda, naye mwenyewe ndiye asimame kwenye tablo. Aeleze mpaka anapokwama. Akikwama aseme, "Hapa pana kisiki," ndipo sisi tusaidie. Tena mwenye shamba alete chakula, karanga au mihogo ya kuchemsha, kama kwenu.

Mama, ilifanya kazi! Sifa alianza na hesabu. Alisimama pale na chaki kama mtu aliyeshika nyoka. Mstari wa pili tu akasema, "Kisiki." Mwamini akamwuliza swali dogo, Sifa akafikiri, akaandika. Mstari wa nne, kisiki tena. Tulikaa saa mbili kwenye hesabu moja, lakini aliifuta akaifanya yote peke yake, kisha akaucheza ule ushindi wake kuzunguka uwanja mpaka mbuzi akakimbia. Tangu siku hiyo hakuna aliyelala.

Sasa Mama, nifike pale ambapo nina aibu.

Zamu yangu ilipofika, niliulizwa shamba langu ni lipi. Nikasema biolojia. Biolojia, mimi! Nilieleza mzunguko wa damu bila kufungua hata ukurasa mmoja wa kaye. Walikaa wakisikiliza, wakala karanga zako, mwisho Sifa akajipangusa mikono.

"Faida, hii shamba iko imelimwa zamani. Umetuita kulima ao kula?"

Wote wakacheka, nami nikacheka, lakini ndani nilijisikia vibaya. Shamba langu la kweli lilikuwa chimi, ile kemia, na sikutaka mtu aone nyasi zake. Wewe unajua kaye yangu ya chimi ilivyo: vichwa vya habari kwa biki nyekundu, mistari kwa rula, hakuna doa. Darasa zima huiazima. Wananiita sekretere. Ningesemaje kwamba mwenye kaye nzuri kuliko zote haelewi kilichoandikwa ndani? Ile sehemu ya mole, hesabu za kupima vitu vidogo sana ambazo chimi yote imesimama juu yake, ilifundishwa katika darasa la nne, wakati nilipokuwa huko nyumbani Riziki alipozaliwa. Niliporudi niliazima kaye za wenzangu, nikanakili yote kwa mwandiko mzuri, nikafikiri nimemaliza. Mama, usijilaumu hata kidogo. Zile wiki za kumbeba Riziki sizitoi kwa kitu chochote. Kosa langu ni kwamba nilinakili bila kuuliza, nikaendelea kupiga rula juu ya nisichokijua kwa miaka miwili.

Baada ya siku tatu tulifanya mtihani wa kujaribu. Katika chimi nilipata sita juu ya ishirini. Nilikunja karatasi haraka, lakini Mwamini alikuwa amekaa karibu nami na alishaona. Hakusema neno darasani. Tulipofika njiani, karibu na wauza majani ya sombe, ndipo akasema polepole, kama kawaida yake:

"Mi nilisoma mu kaye yako. Nimepata kumi na sita. Weye mwenye kaye umekosa. Iko namna gani?"

Mama, nilisimama katikati ya njia, pikipiki zinapiga honi. Nikamwambia, "Niliandika tu. Sikuelewa."

Nilifikiri atacheka. Akanishika mkono akasema, "Basi kesho tunakuja kwako tena. Ila hii mara uchemushe mihogo mingi, juu ile shamba yako iko kubwa."

Wakaja wote wanne. Sifa alikuja na jembe la baba yake begani, la kweli, akaliegemeza kwenye ukuta akasema hawezi kuingia porini mikono mitupu. Nikasimama mbele ya tablo. Nikaandika neno "mole", nikawageukia, nikasema, "Kisiki," kabla hata ya kuanza. Hakuna aliyecheka. Mwamini akauliza, "Shangazi yako akinunua mayai mengi anahesabu namna gani?" Nikasema kwa duzeni. "Na duzeni ya mananasi, iko na uzito moja na duzeni ya mayai?" Nikasema hapana, idadi ni moja, uzito ni mwingine. Akanionyesha lile neno kwenye tablo.

Ndipo ikaniingia, Mama! Ilikuwa kama mtu amefungua dirisha. Nikapiga kelele, "Mole ni kama duzeni!" Ni idadi moja kubwa sana kwa kila kitu, na uzito unafuata kitu chenyewe, maji yana wake, chumvi ina wake. Nikachukua kaye yangu nzuri, nikarudi ukurasa kwa ukurasa, na mambo niliyoyanakili kama picha yakaanza kusema. Nilikwama tena mara tano au sita, sikuona haya kusema kisiki. Tulipomaliza, Sifa alikuwa amekula nusu ya mihogo. Alisema jembe lake ndilo lililofanya kazi.

Tangu hapo nimelima chimi kila asubuhi kabla ya maombi, hesabu tatu tu, kijiti kimoja. Jana mwalimu wa chimi alinipa hesabu nne za miaka iliyopita. Nimepata tatu. Ile ya nne niliikosa mwishoni, lakini najua nilipokosea, na zamani sikuwa najua hata hilo. Kaye yangu sasa ina alama za kalamu ya risasi na madoa ya mihogo kila mahali, sekretere amekufa. Sifa anasema ndiyo kwanza inafanana na kaye ya mtu.

Kila kitu nimekiweka tayari katika mfuko mmoja, ule ulionishonea: biki mbili, kalamu ya risasi, rula na kadi ya mwanafunzi. Shangazi amefua sketi ya buluu na shati jeupe, amevifungia ndani kwa sababu ya mbuzi. Kituo chetu cha mtihani ni shule nyingine, upande wa pili wa mji, basi Jumamosi tutatembea wote watano kwenda kuiona njia, ili Jumatatu tusiulize mtu.

Ila kule ndani hatutakuwa watano. Kila mtu ataketi mbali na mwenzake, hakuna kugeuka, hakuna kuuliza. Mwanzoni nilipofikiri hilo niliogopa. Sasa nafikiri, ni sawa na mashamba yenu. Mnalimiana, lakini siku ya kupanda kila mama anapanda mbegu zake. Jumatatu nitakuwa mbele kabisa, peke yangu, na nimeshaijua kona yangu mbaya iko wapi. Nitaanza nayo.

Hata sisi tumenunua kopo la poda, Baba, kwa hiyo sina haki ya kukucheka. Anaitunza Sifa. Tulimwuliza, je, kama wewe utakosa? Akajibu, "Nikikosa, mi ndiye nitawamwagia. Mukono yangu iko murefu."

Nisalimie Bibi anayeanika mihogo, mwambie mto wa huku aliouliza kama bado unapita, bado unapita. Msalimie mjomba mgema, na kaka yetu aliye Salamabila mkipata mtu wa kwenda huko. Msalimie sana Mama Zaina, mwenzako wa jembe, na umwambie yeye pia amenifundisha chimi. Atashangaa, acha ashangae. Katekista aliyekuja kwa mkutano wa parokia anaondoka kesho alfajiri, na barua hii itakuwa mfukoni mwake.

Jumatatu asubuhi, Mama, ukishika jembe, nifikirie kidogo, kisha utazame kijiti chako.

Na wewe Zawadi, uliyesikiliza mpaka mwisho: anza kukunja nguo zako. Usifunge sanduku bado. Kunja tu.

Ni mimi mtoto wako wa pili, anayelima huku,

Faida