Esanse chini ya kitanda

Mujukuu wangu Kabedi, huku Kamalondo tantine yako Ngalula, batoto bake na miye kambo yako, tuko bazima. Lakini barua yako ilinishitusha! Bei ya esanse, mafuta ya motokari, inapanda, njo unaficha bidon chini ya kitanda?

Kambo yako mwanaume alifanyaka vile, wakati baba yako iko ananyonya. Siku ya baridi nikaingiza mbabula ya makala ya moto mu chumba. Jirani akasikia harufu ya esanse, akapiga kelele: "Weye mama! Unataka kupika mutoto?" Nikatoka mbio na mutoto.

Kutoka pale, bei ikipanda, bwana yangu alikuwa anaenda ku kazi na miguu. Bantu balikuwa banamucheka: "Motokari iko mugonjwa?" Alikuwa anajibu: "Iko muzima, na mutoto wangu pia."

Toa bidon inje leo leo, kisha uniandikie mbio, juu mutima wangu hautulie.