Upande wa Pili wa Amri

Kimamba, Ijumaa, mwaka wa tatu tangu niondoke nyumbani.

Mjukuu wangu Saidi, marahaba. Nimefurahi dada yako kujifungua salama. Umeuliza, sasa unapofundishwa ukarani wa baraza, sheria isomwe vipi.

Nilipokuwa karani wa jumbe Zombo, niliwasomea watu amri ya kukataza kulima kando ya mto. Mjane mmoja akaniuliza, "Mwanangu, na upande wa pili umeandikwaje?"

Nikacheka. "Bibi, umejua kusoma lini?"

Jumbe akaamuru mpunga wake ufyekwe. Jioni ndipo nilipogeuza karatasi: aliyekwisha kupanda aachwe avune. Niliogopa, nikanyamaza mpaka leo.

Nikimaliza kazi ya mkonge mwezi ujao, nitapita Zombo niwaambie wanawe, kisha nitakuja nyumbani.

Babu yako