Hesabu za Sehemu na Futari ya Mama Léocadie

Cibitoke, Bujumbura
Tarehe 10 Machi 2026

Mpendwa Shangazi Zubeda,

Assalaam alaykum. Goti lako limepoa? Na saumu inakwendaje huko Kigoma? Sisi hatujambo, ila Mama ikifika alasiri hutafuta mtu wa kugombana naye, na wa karibu ni mimi.

Shangazi, Jumatatu ijayo narudia mtihani wa kuingia shule ya uuguzi. Mwaka jana hesabu ziliniangusha, na shule hairuhusu mtu kujaribu mara ya tatu. Nikikosa, basi tena.

Adui yangu ni milinganyo yenye sehemu. Nusu ya x, jumlisha theluthi ya x, ni 10: tafuta x. Mwalimu Hugues, anayetufundisha jioni, anasema tuzidishe kwa 6 ili namba za chini ziondoke. Nikazidisha nusu, nikapata 3x. Nikazidisha theluthi, nikapata 2x. Ile 10 nikaiacha. Haina namba ya chini, nikaona haina shida. Jibu likaja 2. Lakini nusu ya 2 na theluthi yake hata 2 hazifiki, sembuse 10! Nililia kwa hasira.

Basi juzi, kabla ya magharibi, Mama alinituma kupeleka futari kwa majirani kama ilivyo desturi yake. Nilipita milango yote nikamruka Mama Léocadie, kwa sababu ni Mkatoliki. Mama akanishukia: "We Soumaya, juu hafungi ndio asipate? Kwani yeye si mutu wa hapa?"

Nikabeba sahani huku nimenuna. Mlangoni kwa Mama Léocadie nikaanza kucheka peke yangu, akadhani njaa imenipanda kichwani. Kumbe ile 10 nayo ni jirani! Hata asiye na sehemu hupewa. Ukizidisha, zidisha wote. 5x ni 60, x ni 12. Nusu yake 6, theluthi yake 4, jumla 10 kamili.

Jana Mwalimu Hugues aliniita ubaoni, akanipa mlinganyo mgumu zaidi, x iko pande zote mbili. Nilipomaliza nikaweka jibu langu mahali pa x, pande zikalingana. Shangazi, kwa mara ya kwanza nilijua nimepata kabla mwalimu hajafungua mdomo. Furaha niliyoipata siwezi kuieleza.

Nisalimie mumeo Sulemani, na binamu yangu Khaled pia. Mama anakusalimu, anasema ukija Idi usisahau dagaa.

Allah akuzidishie afya. Jumatatu uniombee, lakini usiombe muujiza. Omba mkono usitetemeke tu, hesabu naijua.

Mwanao akupendaye sana,
Soumaya